Pointi za sekunde za mwisho na mkeka wa handikapu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko Mwanza, nabeti kikapu cha NBA na mara mojamoja NFL, ule mpira wa Kimarekani. Juzi niliweka timu kubwa kwa handikapu ya -6.5, yaani lazima ishinde kwa pointi 7 au zaidi, katika mkeka wa mechi tano ambazo zote lazima zitiki. Nne zilishatiki. Hii ya tano, sekunde chache kabla ya mwisho timu yangu inaongoza kwa 8, kila mtu ameshaanza kupeana mikono. Kijana wa akiba wa timu iliyofungwa akarusha pointi tatu, hakuna aliyemkaba hata kidogo, ikaingia. Mechi ikaisha kwa tofauti ya 5, mkeka ukachanika. Wenzangu kijiweni wanasema hizi mechi zinapangwa. Ni kweli? Na kama si kweli, nifanyeje pointi za mwisho zisiendelee kuniumiza? Halafu, kampuni yenyewe inaweza kudaiwa chochote?"

Marahaba. Nianze na lile linalokuuma zaidi. Kwa jinsi ulivyoieleza, mechi hiyo haina dalili ya kupangwa. Timu zote mbili zilikuwa zimemaliza kazi, ila wewe kazi yako ilikuwa bado. Ukilielewa hilo vizuri utaelewa karibu kila mkeka wa handikapu uliowahi kuchanika dakika ya mwisho.

Msimamo wa ligi unahesabu kushinda na kushindwa. Kocha anayeongoza kwa 8 zikiwa zimebaki sekunde 6 ameshashinda. Akishinda kwa 5 au kwa 11, kwake ni kitu kimoja. Anachokiogopa sasa ni mchezaji wake kuteguka mguu, au faulo ya kijinga itakayorefusha usiku. Kwa dakika 47 yeye na wewe mlitaka jambo moja, pointi nyingi kadiri inavyowezekana. Mechi ilipokwisha kuamuliwa mkaachana njia: yeye anataka saa iishe, wewe unataka tofauti ibaki juu ya 6.5. Uwanjani hakuna hata mmoja anayeilinda hiyo 6.5 yako, kwa sababu hakuna anayelipwa kuilinda.

Handikapu ya pointi ilibuniwa kwa kusudi hilohilo, kuuhamisha mstari kutoka mahali timu zinapopigania hadi mahali pengine. Anayetajwa sana kuwa aliibuni ni Charles McNeil, aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, ambaye aliitumia huko Chicago katika miaka ya 1940. Kabla yake, mechi ya timu kubwa na timu ndogo ilikuwa ngumu kuuzika, maana kila mtu aliweka timu kubwa. Ukiipunguzia timu kubwa pointi 7, mechi inakuwa karibu sawa kwa sawa na watu wanagawanyika. Gharama yake ni kwamba sasa unabeti juu ya kitu ambacho wachezaji wenyewe hawakifuatilii.

Tuingie kwenye kikapu, maana ndiko ulikoumia. Zikibaki dakika 2 za robo ya nne, NBA inairuhusu timu faulo moja tu ya kawaida, na kuanzia ya pili mpinzani anapata mitupo huru miwili, hata kama hesabu ya faulo za robo nzima haijajaa. Timu iliyo nyuma inafanya faulo kwa makusudi ili saa isimame. Inampa mpinzani mitupo miwili, halafu inakimbia mbele kurusha pointi tatu. Ifuatilie timu yako ikiongoza kwa 5, sekunde 35 zimebaki. Inafanyiwa faulo, inaingiza yote miwili: 7, uko ndani. Wapinzani wanapata pointi tatu: 4, uko nje. Faulo tena, mmoja unaingia: 5. Wapinzani wanakosa, faulo nyingine, miwili inaingia: 7, umerudi ndani. Katika sekunde 35 namba yako imevukwa mara tatu, na hakuna aliyecheza vibaya wala kwa hila. Timu iliyo nyuma inatafuta njia pekee iliyobaki, na iliyo mbele inapokea inachopewa.

Halafu inafika hatua ya kukata tamaa, na hapo ndipo mkeka wako ulipochanika. Kocha aliye nyuma anatoa nyota wake na kuingiza vijana wa akiba. Kijana wa akiba hachezi kwa ajili ya matokeo. Anacheza ili aonekane, na akipata nafasi ya kurusha atarusha. Upande wa pili kuna desturi ya miaka mingi kwamba anayeongoza mechi iliyokwisha haongezi kikapu. Anashika mpira hadi kengele ilie, na hata saa ya mashambulizi ya sekunde 24 ikimwishia anaukabidhi mpira kuliko kurusha. Kuongeza kikapu wakati huo huhesabiwa dharau, na kumewahi kuzua ugomvi uwanjani. Matokeo yake mizani imeegemea upande mmoja: timu kubwa imejizuia kufunga, timu ndogo haijajizuia, na hakuna anayekaba. Ukiwa na timu kubwa kwa -6.5 huku inaongoza kwa 8, dakika hiyo ya mwisho haiko upande wako.

Kwenye NFL mambo yanafanana, ila sababu zake zimefichika kidogo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Tachidauni, yaani kuufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho la mpinzani, ni pointi 6, na mara nyingi hufuatwa na teke la nyongeza la pointi 1. Teke la kupitisha mpira katikati ya milingoti ni pointi 3. Ndiyo maana tofauti za mwisho za mechi hazisambai sawasawa, zinarundikana kwenye 3 na kwenye 7. Kwa miaka mingi karibu mechi moja kati ya kila saba imeisha kwa tofauti ya 3 kamili, na 7 inafuata nyuma yake. Mwaka 2015 ligi ilisogeza nyuma lile teke la pointi 1, likawa gumu zaidi na kukoswa mara nyingi kuliko zamani, kwa hiyo tofauti ya 6 nayo imepata nguvu.

Sasa timu iko nyuma kwa 10, dakika moja na nusu imebaki, na imefika mahali panapofaa kupiga teke la pointi 3. Mtazamaji anashangaa: kwa nini wanapiga teke wakati 3 haziwatoshi? Wanapiga kwa sababu wanahitaji vitu viwili, tachidauni na teke, na kinachopatikana haraka ndicho kinachotangulia. Wakikosa cha pili wamefungwa kwa 7. Aliyeweka timu kubwa kwa -8.5 ameungua, naye aliyeshika timu ndogo kwa +8.5, yaani iliyoongezewa pointi 8.5, amelala vizuri. Kocha alifanya hesabu sahihi ya kutafuta ushindi, na hesabu hiyo ikahamisha hela zenu.

Au timu inaongoza kwa 14, dakika 2 zimebaki. Walinzi wake wanarudi nyuma sana, wanawaachia wapinzani pasi fupi za katikati ya uwanja, mradi saa inatembea na hakuna pasi ndefu. Wapinzani wanapanda taratibu na kupata tachidauni. Tofauti imebaki 8, na siku hizi makocha wengi wakiwa hapo hawapigi teke la pointi 1, wanajaribu jaribio la pointi 2, yaani kuufikisha tena mpira golini kwa mchezo mmoja kutoka karibu. Likifaulu tofauti ni 6, likikwama ni 8. Aliyeshika -7 au +7, ambaye zamani angerudishiwa hela yake kwa tofauti ya 7 kamili, sasa anashinda au anapoteza kwa uamuzi wa kocha juu ya jaribio hilo moja.

Na timu kubwa ikiwa na mpira? Inapiga goti. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, anapokea mpira, anagusa ardhi kwa goti, na saa inakula hadi sekunde 40. Inaweza kuwa hatua tano kutoka mstari wa goli, inaongoza kwa 4, na wewe umeshika -6.5. Haitafunga. Ikifunga inampa mpinzani mpira, ikipiga goti mechi imeisha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Oktoba 28, 2018. Los Angeles Rams walikuwa mbele ya Green Bay Packers 29-27, dakika moja hivi imebaki. Todd Gurley wa Rams akapokea mpira, akachomoka, njia ya kwenda kufunga iko wazi. Akasimama mwenyewe karibu na mstari wa goli na kuangushwa. Rams wakamalizia saa, matokeo yakabaki 29-27. Sehemu nyingi Rams walikuwa wamepewa handikapu ya kupunguziwa pointi zaidi ya 7. Angefunga na teke likaingia ingekuwa 36-27, tofauti ya 9. Watu wengi walimlaani siku ile. Mimi naona alicheza kwa akili kubwa, maana Packers wangepata mpira wakiwa na kwotabeki wao hodari, Aaron Rodgers, na hakuna kocha mwenye busara anayempa Rodgers mpira bila sababu. Novemba 15, 2020 Nick Chubb wa Cleveland Browns alifanya vilevile dhidi ya Houston Texans. Alikimbia yadi 59, akatoka nje ya uwanja kwenye yadi ya 1. Browns wakashinda 10-7, na waliowashika kwa handikapu ya zaidi ya 3 wakabaki na karatasi.

Upande mwingine kuna ile ya Januari 14, 2018, katika mchujo. Minnesota Vikings walikuwa nyuma 24-23 dhidi ya New Orleans Saints, sekunde 10 zimebaki. Stefon Diggs wa Vikings akadaka pasi, mlinzi akapita bila kumgusa, akakimbia hadi goli. Tachidauni ya yadi 61, saa imeisha, 29-24. Kwa kanuni ya wakati huo lile jaribio la nyongeza lilikuwa lazima lifanyike, kwa hiyo wachezaji wachache wa Saints wakaitwa warudi uwanjani katikati ya shangwe. Sehemu nyingi handikapu ilikuwa Vikings -5.5. Teke la pointi 1 lingefanya tofauti kuwa 6. Kwotabeki Case Keenum akapiga goti. Tofauti ikabaki 5, na aliyeweka Saints, timu iliyotoka kunyang'anywa mechi kikatili kiasi kile, akalipwa. Baada ya msimu huo ligi ilibadili kanuni: timu iliyoshinda kwa tachidauni ya mwisho haidaiwi tena jaribio hilo. Kwa Vikings lilikuwa goti lisilo na maana yoyote, ila kwa wanaobeti lilikuwa mechi nzima.

Usidhani pointi za mwisho huibeba timu ndogo siku zote. Katika mpira wa magongo wa barafuni, NHL, handikapu ya kawaida ni -1.5, na timu iliyo nyuma kwa bao moja humtoa kipa wake dakika za mwisho ili iongeze mshambuliaji. Goli likiwa tupu, timu inayoongoza hupiga kutoka mbali na kupata bao la pili. Huko dakika za mwisho zinaisaidia timu kubwa. Hata katika soka unayoifahamu, timu iliyo nyuma 1-0 ikimpeleka kipa kwenye kona ya dakika za nyongeza, inajiweka kwenye hatari ya kufungwa la pili kwa shambulizi la kushtukiza, na -1.5 inatiki. Kwa hiyo kila mchezo una mwelekeo wake, na mwelekeo huo unatokana na kanuni zake na namna saa yake inavyokwenda.

Sasa tuzungumzie kupanga matokeo, maana sitaki nikudanganye kwamba halijawahi kutokea. Limetokea, na handikapu ndiyo iliyolirahisisha, kwa sababu mchezaji anaweza kushinda mechi na bado akaiuza tofauti. Mwaka 1951 vyuo vya New York vilitikiswa na kashfa kubwa ya wachezaji wa kikapu waliolipwa kupunguza tofauti. Msimu wa 1978-79 ikawa zamu ya wachezaji wa Boston College. Aprili 2024 NBA ilimfungia maisha mchezaji Jontay Porter kwa makosa ya kubeti, yakiwamo ya kutoa taarifa zake kwa wanaobeti na kujitoa uwanjani mapema. Haya ni ya kweli na yanapaswa kukasirisha.

Lakini angalia jambo hili. Mwaka 2006 mwanauchumi Justin Wolfers alichambua mechi za kikapu za vyuo vya Marekani, akaona kwamba timu zilizopewa handikapu kubwa sana zilikuwa zinashinda mechi lakini zinakosa tofauti mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Akasema huenda hiyo ni alama ya mechi zilizouzwa. Mwaka 2010 wenzake wawili, Dan Bernhardt na Steven Heston, wakajibu kwamba sura hiyohiyo ipo hata katika mechi ambazo hazikuwa na handikapu yoyote sokoni. Hakuna anayelipwa kuuza tofauti ya mechi isiyobetiwa. Maelezo yanayobaki ni hayo niliyokueleza: timu kubwa inapumzisha nyota, inashika mpira, inaua saa. Mimi nasimama na hao wawili. Ukiona kijana wa akiba anarusha bila kukabwa sekunde ya mwisho, umeona tabia ya kawaida ya mchezo, na mtu anayetaka kuuza mechi hangoji sekunde ambayo kila kamera inamtazama.

Kuna jambo jingine linalowapotosha hata wazoefu. Ile pointi tatu ya mwisho unaiona kwa sababu ni ya mwisho. Lakini mitupo huru mitatu ambayo timu yako ilikosa katika robo ya pili ilikutoa kwenye -6.5 kwa uzito uleule. Katika NFL, matokeo halisi hukwepa handikapu kwa pointi 13 hivi kama kipimo cha kawaida cha mtawanyiko, na NBA iko karibu na 12, yaani kuikosa namba kwa pointi kumi na zaidi ni jambo la kawaida. Mbele ya mtawanyiko huo, mrusho mmoja wa pointi 3 ni kitu kidogo. Tena kampuni ilipopanga -6.5 ilitazama matokeo ya mwisho ya mechi nyingi zilizopita, na matokeo hayo tayari yana ndani yake faulo za mwisho, vijana wa akiba na magoti. Hayo yote umeshauziwa ndani ya ile namba. Ukianza kuandika daftarini kila mkeka uliookolewa dakika ya mwisho pamoja na kila uliochanika, utaona zinafuatana kwa karibu sana. Tunayakumbuka maumivu tu.

Kinachokuumiza kila wiki ni bei, si yule kijana. Tuchukue odi ya 1.90 kila upande, yaani ukishinda unapokea mara 1.90 ya ulichoweka. Weka shilingi 1,000 mara 100, shinda nusu: unapata faida ya 45,000, unapoteza 50,000. Umepungukiwa 5,000 bila kukosea kuliko mtu mwingine yeyote. Ili usipoteze unahitaji kupatia karibu mara 53 kwa kila 100, na watu wanaoweza hilo mwaka hadi mwaka ni wachache mno. Mkeka wako wa mechi tano ni mbaya zaidi. Odi za 1.90 tano zikizidishwa ni kama 24.76, inavutia macho. Lakini nafasi ya zote tano kutiki, kila moja ikiwa nusu kwa nusu, ni moja kati ya 32. Kwa kila 1,000 unayoweka, wastani wa kurudi ni kama 774, na kodi ya ushindi bado hujakatwa. Halafu umezipa dakika za mwisho nafasi tano za kukuharibia, na moja tu inatosha.

Umeniuliza ufanyeje. Kama unaiamini timu kubwa kushinda lakini huna uhakika na tofauti, iweke ishinde tu, ukubali odi ndogo. Hapo wewe na kocha mnataka kitu kimoja hadi kengele. Kama unachokiamini ni kwamba itaanza kwa kasi, kuna handikapu ya nusu ya kwanza, ambayo kwa kawaida haina zile faulo za kusimamisha saa wala vijana wa akiba wa mechi iliyokwisha. Kwenye NFL, nusu pointi inayokuvusha kutoka -3 kwenda -2.5, au kutoka +6.5 kwenda +7, ina thamani kubwa, kwa hiyo linganisha kampuni kabla ya kuweka. Nusu pointi ya -5 na -4.5 usiihangaikie sana. Kwenye kikapu hakuna namba iliyotawala kiasi hicho. Weka mechi mojamoja. Na tafadhali, hela ya kodi ya nyumba na ada ya watoto isiguse simu hiyo, maana hata ukifuata yote niliyokwambia, bado bei iko upande wa kampuni.

Kitufe cha kashauti, cha kuchukua hela kabla mechi haijaisha, nacho kitazame kwa macho makavu. Kampuni inapokupa hela ukiwa mbele kwa 8, imeshahesabu uwezekano wa ile pointi tatu, ikakata na sehemu yake mara ya pili. Laivu, yaani kubeti mechi ikiendelea, ya dakika ya mwisho ndiyo mbaya kabisa: picha unayoiona kwenye simu yako Mwanza imechelewa, na bei inapangwa na mtu anayepata taarifa kabla yako.

Kuhusu kuidai kampuni, hapana. Matokeo rasmi ya ligi ndiyo yanayolipwa. Novemba 16, 2008, Pittsburgh Steelers waliongoza San Diego Chargers 11-10, na katika tukio la mwisho Troy Polamalu wa Steelers akaokota mpira na kufunga. Waamuzi wakaifuta tachidauni ile, kisha baada ya mechi wakakiri kwamba walikosea. Steelers walikuwa wamepewa handikapu ya pointi 4 na zaidi, na tachidauni ingeifanya 17-10. Matokeo yalibaki 11-10, na mikeka ikalipwa hivyo. Kinachoweza kukusaidia ni kusoma masharti ya kampuni yako kabla ya kuweka, hasa kama muda wa nyongeza unahesabiwa. Kwenye NBA na NFL kwa kawaida unahesabiwa, na mechi ikifika huko ikiwa sare, timu kubwa yenye -6.5 ina dakika chache tu za kuzipata pointi 7 ilizoshindwa kuzipata mechi nzima.